Ekseli Chini ya Kitanda cha Mama

Baba na landrova yake waliumia siku moja, mahali pamoja, na kila mmoja alitoa mlio wake. Ilikuwa mbugani, kwenye ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta na masika unameza hadi ng'ombe. Gari lilikuwa limebeba magunia ya mbegu za pamba, juu ya magunia kulikuwa na watu, na juu ya mapaja ya watu kulikuwa na kuku wao. Likanasa. Baba akakanyaga mafuta, gari likasema tak. Akashuka kulisukuma, na mgongo wake nao ukasema tak. Waliokuwa juu wanasema mlio wa pili ndio uliokuwa mkubwa.

Alirudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele peke yake, gari linajivuta kama mtu anayetambaa, yeye amejikunja kidevu kinagusa usukani. Wanaume wakamshusha wakamlaza. Tangu hapo gari lilikaa uani, baba akakaa kitandani, na katikati yao kulikuwa na dirisha.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, na Januari nilitakiwa kurudi kuanza cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Geita. Sisi tunakaa karibu na Kagongwa. Ukitoka kwetu kwenda shuleni unapita Kharumwa, na Kharumwa ndipo alipo shangazi, dada yake baba, mwenye hoteli ya chai na maandazi inayolisha wachimba dhahabu. Shangazi alikuwa ametuma ujumbe zaidi ya mara moja kwamba anataka binti wa kaka yake akae meza ya mbele, apokee wateja, aongee nao, awachekee kidogo. Alisema kidato cha pili kinatosha kabisa kuuza maandazi.

Mimi ni mtu wa kuongea kidogo. Darasani nikiulizwa swali jibu ninalo, ila linaishia shingoni. Mwalimu wa Kiswahili aliandika kwenye ripoti yangu: "Hana sauti." Baba alipoisoma alidhani nimeugua. Kwa hiyo nilipofikiria meza ya mbele ya shangazi, na wachimbaji wenye vumbi kwenye kope wakiniuliza habari za kwetu kutwa nzima, nilikuwa naona afadhali nifukiwe kwenye mashimo yao.

Mama alitaka nisome. Baba hapendi ugomvi. Akigombana na mama anashindwa, na akigombana na dada yake anashindwa zaidi. Akatoa uamuzi akiwa amelala chali anatazama mabati.

"Mimi sitasema kitu," alisema. "Gari litasema. Likifika shuleni, asome. Likiishia Kharumwa, basi Mungu amemkumbuka shangazi yake."

Mama akamuuliza tangu lini gari limepewa kiti kwenye ukoo.

"Tangu lilipokataa," baba akasema.

Basi halikuwepo. Mabasi mengine hayakuwa na mafuta, na lile lililokuwa na mafuta halikuwa na matairi. Shule inapokea wanafunzi Jumapili. Anayefika Jumatatu anarudishwa getini, na mwenzetu mmoja aliyerudishwa mwaka uliopita hatujamwona tena. Tulisikia ameolewa Kishapu. Na Jumapili, kama kila mtu anavyojua, gari la mtu binafsi haliruhusiwi kutembea baada ya saa nane mchana, kwa amri ya serikali ya kubana mafuta. Saa nane ikikukuta njiani unaegesha ulipo, unalala hapo. Ikitukuta Kharumwa tungelala kwa shangazi, na anayelala kwa shangazi huamka amefungwa aproni.

Fundi tuliyemweza ni mmoja, mume wa dada yangu. Anatengeneza malori kwenye jineri, kule wanakochambua pamba, na alipata ruhusa Jumamosi. Akaja jioni kwa baiskeli, spana amezifunga kwenye kitambaa kama kande za safari.

Shida ni kwamba yeye ni mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani wala hawasemezani. Mama akipita, yeye anainamisha kichwa kama anatafuta senti iliyodondoka. Yeye akipita, mama anageukia ukuta. Mkwe hamkosoi mama mkwe, hamwambii hapana, na chumbani kwake haingii hata nyumba ikiwaka moto. Neno likilazimu hupitia kwa mtu wa tatu, na neno ni lile alilolisema huyo wa tatu. Unaweza kuwa umesimama hapo hapo, umelisikia lenyewe kwa masikio yako mawili, lakini hujalisikia mpaka uletewe.

Mtu wa tatu angefaa kuwa baba, ila baba alikuwa kitandani. Dada alikuwa kwake, mjamzito, amekatazwa kupanda baiskeli. Nikabaki mimi.

Jumapili kulipopambazuka nilimkuta shemeji amekwisha ingia chini ya gari, miguu imebaki nje.

"Mwangaluka, shemeji," nikamsalimia.

"Mwangaluka. Mayu ameamka?" Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko, mgongo ametupa sisi, anakoroga uji.

"Mwambie nimeamka," mama aliiambia sufuria.

"Ameamka."

"Mwambie shikamoo," ilisema miguu ya shemeji.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Muulize kama mbu wetu walimwacha alale."

"Mbu walikuacha ulale?"

"Mwambie mayu walikuwa na adabu sana."

Siku ilianza hivyo. Uji ulipoiva nilikuwa nimekwisha ongea kuliko muhula mzima, na hakuna hata neno moja lililokuwa langu. Niligundua kwamba kuongea maneno ya mtu mwingine hakuumi. Ni kama kubeba mtungi: ukimwagika, maji si yako.

Shemeji alipiga jeki, akafungua bolti za kitovu cha gurudumu la nyuma, upande wa kulia, akaivuta ekseli. Ile ni fimbo ya chuma inayotoka katikati ya gari na kwenda kuzungusha gurudumu. Ilitoka upesi kuliko ilivyostahili, kwa sababu haikuwa nzima. Ncha yake ilikuwa imejinyonga kama muwa uliotafunwa.

"Kipande kimebaki ndani," alisema. "Kimo kwenye difu, lile boga la chuma huko kati. Tukikiacha kitatafuna meno yote."

"Gari limesemaje?" baba akauliza dirishani.

"Bado halijasema, baba."

"Lisikimbizwe."

Shemeji alichomoa waya wa breki kwenye baiskeli yake, akatengeneza kitanzi, akauingiza kwenye bomba ilimotoka ekseli. Akaweka jicho mdomoni mwa bomba. Akavuta, waya ukaja mtupu. Akaurudisha, ukaja mtupu tena. Kengele ya misa ikalia kwa mbali na mama akajifanya hajaisikia. Alikuwa amesema kwamba kwa leo Bwana Yesu atamkuta kwenye ekseli.

Mama, lazima niseme, ndiye mvuaji wa ndoo wa kijijini kwetu. Kamba ikikatika na ndoo ikazama kisimani, wanakuja kumwita yeye. Analala kifudifudi ukingoni, anafumba macho, anashusha ndoana, na baada ya muda ndoo inapanda. Sasa alikuwa anausikiliza ule waya unavyokwaruza, na mwiko ulikuwa umesimama kwenye sufuria.

"Mwambie kitu kilichozama hakitazamwi," alisema. "Kinapapaswa."

"Mama amesema usitazame, papasa."

Shemeji alipapasa. Waya ukaja mtupu. Akakaa kitako, akajifuta mikono kwa muda mrefu. Alitaka msaada, hilo nililiona, lakini mtu anamwambiaje mama mkwe wake aje alale chini ya gari?

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya kufika jikoni, "mwambie mayu nimeshikwa na kiu. Nakwenda kunywa maji kule nyuma ya nyumba. Nitakunywa polepole."

"Mama, ameshikwa na kiu. Atakunywa polepole."

"Mwambie maji ni mengi," mama akasema.

Alipopotea nyuma ya nyumba, mama alifunga kanga vizuri, akapiga magoti kwenye gunia, akaingiza waya, akafumba macho. Alipapasa huku midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali rozari, au anamsema baba. Baadaye kidogo akasema kitanzi kimegusa ncha lakini haikamatiki, inatakiwa igeuke.

"Kamwite amalize maji. Akae upande wa pili wa gari, ashike gurudumu la kule."

Nikamwita. Alikuja kwa kuzunguka kwenye uzio wa minyaa ili wasikutane. Akatia gia, ili gurudumu la kushoto likizungushwa ile ncha ya kulia igeuke, akalipiga jeki, akachuchumaa. Kwa hiyo mama alikuwa kulia, yeye kushoto, na landrova nzima ikawa ukuta kati yao. Mimi nilisimama nyuma ya gari, penye ndoana ya kuvutia tela, nawaona wote wawili.

"Mwambie azungushe," mama akasema.

"Zungusha."

"Mwambie polepole, hiki si kinu."

"Polepole, hiki si kinu."

"Mwambie mayu linakaza," shemeji akasema.

"Linakaza."

"Mwambie hata maisha yanakaza. Azungushe."

"Hata maisha yanakaza, shemeji. Zungusha."

"Hapo. Asimame hapo. Asipumue."

"Usipumue."

Alivuta. Nilisikia chuma kikiteleza juu ya chuma, kisha kile kipande kikadondoka kwenye gunia pamoja na oili nyeusi, kifupi kama mpini wa kisu. Mama alikiokota, akakifuta, akakitia kwenye pindo la kanga. Akanawa kwa majivu, maana sabuni mara ya mwisho tuliiona Agosti, akarudi jikoni na kugeukia ukuta. Shemeji akaja kwa upande ule ule aliokuwa mama, akachungulia ndani ya bomba.

"Mwambie mayu, wabeja," alisema. Yaani ahsante.

"Gari limesemaje?" baba akauliza.

"Limetapika, baba."

"Hiyo ni dalili nzuri."

Ekseli mpya zilikuwa chini ya kitanda cha mama. Baba alizinunua Shinyanga mjini muda mrefu uliopita, dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vipuri. Alitaka moja akiba, mzee akakataa kuivunja jozi. Alisema ekseli ni kama mke na mume, mmoja akifa mwenzake hakai sana. Mama alizihifadhi akizipaka mafuta ya ng'ombe kila zilipoonekana kukauka. Na hizo mbili hazilingani. Difu ya landrova haikai katikati kabisa, imesogea kulia. Kwa hiyo ekseli ya kushoto ni ndefu na ya kulia ni fupi. Hilo shemeji alilijua. Mama hakulijua, na mimi pia sikulijua.

"Mwambie mayu naomba ekseli," shemeji akasema.

Mama alikwenda chumbani, akarudi ameibeba moja mabegani kama mpagazi, akaiweka juu ya jiwe na kugeuka.

"Mwambie nimemletea iliyo madhubuti," alisema. "Ile nyingine ni fupi, ni kama ilikatwa."

Nikamwambia. Shemeji aliifungua kwenye gunia ilimoviringishwa. Akaitazama. Akaitazama tena kuanzia upande wa pili.

"Mwambie mayu ekseli ni nzuri sana."

Aliiingiza kwenye bomba la kulia. Ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho, na shubiri nzima ikabaki nje. Akaitoa, akaifuta, akaiingiza tena, taratibu zaidi, kama vile safari hii itakuwa imepungua. Shubiri ile ile ikabaki nje.

"Mwambie mayu imepakwa mafuta vizuri kweli."

"Mwambie ahsante," mama akasema, anapepeta mtama.

Alijaribu kuigeuza kichwa chini. Alijaribu kuipigapiga na ubao. Jua lilikuwa limepanda juu ya minyaa na jasho lilikuwa linamtoka kwenye ncha ya pua. Nilisogea, nikachuchumaa karibu naye.

"Shemeji, si ndefu hii?"

Akatazama upande wa jiko. "Shemeji, mimi sijasema hivyo."

"Lakini ni ndefu."

"Mayu ameileta kwa mikono yake."

"Inayotakiwa ni ile fupi?"

"Mayu amesema ile ni kama ilikatwa."

"Sasa tutafanyaje?"

Akafikiri. "Nitaisukuma tena," alisema, na akaisukuma tena.

Nilisimama. Mlangoni nililiona sanduku langu la bati na godoro limekunjwa juu yake. Niliuona uso wa shangazi kama niko mbele yake. Kivuli cha gari kilikuwa kinafupika, na mwanaume mzima, fundi wa malori, alikuwa ameamua kuisukuma ile ekseli hadi saa nane ipite, kwa heshima. Nilikuwa na hakika angefanya hivyo. Ni mtu mwenye malezi mazuri.

"Limesemaje?" baba akauliza.

"Linafikiri," nikamjibu.

Nikaenda jikoni bila kutumwa. Neno nililokuwa nalo lilikuwa langu, kama darasani. Lakini nikaona kwamba nikianza na "amesema," mdomo unajua njia.

"Mama, amesema anaomba na ile nyingine."

Ungo ukasimama. "Amesema hivyo?"

Shemeji alikuwa karibu sana nasi. Mlio wa ubao ulikuwa umekoma. Sote watatu tulijua alichosema na ambacho hakusema.

"Amesema. Amesema mafundi wa jineri huzilaza zote mbili pamoja kwanza. Zizoeane."

Mama alinitazama. Huwa hanitazami hivyo, labda nikiwa na homa.

"Zizoeane," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Kama amesema, amesema." Akaweka ungo chini, akaingia chumbani.

Shemeji alizilaza ekseli mbili juu ya gunia, sambamba, kwa utaratibu kabisa, akakaa pembeni ameshika magoti. Aliziacha zizoeane. Hakunitazama hata mara moja. Nadhani alikuwa anahakikisha kwamba nilichosema kinakuwa kweli. Halafu akaichukua ile fupi, akaiingiza kulia, na ikaingia kama mkono kwenye shati lake. Ile ndefu aliifunga kushoto, mahali pake, baada ya kuitoa ya zamani iliyokuwa bado inafaa.

"Mwambie mayu ile aliyoileta kwanza ndiyo itakayobeba mzigo mkubwa," alisema.

Nilimwambia. Mama aliitikia kwa kukohoa.

Gasketi, zile karatasi za kuzuia oili isivuje, hazikuwepo. Alizikata kwenye jalada la daftari langu la hesabu, kwa wembe, akizunguka alama za bolti zilizochorwa kwa oili. Oili iliyokingwa kwenye beseni tuliichuja kwa kipande cha kanga tukairudisha, maana nyingine hakuna. Alipowasha gari na kulitoa jeki, magurudumu ya nyuma yalichimba ua na kuwarushia kuku udongo.

"Limesema ndiyo, baba," nikamwambia dirishani.

Baba alitazama mabati. "Limesema ndiyo mpaka wapi?"

Nikaingia ndani kumuaga. Aliniwekea mkono kichwani akiwa amelala, nikainama ili asijinyooshe. Tukamwacha na jirani wa kumpashia uji.

Mama ilibidi aje, kwa sababu msichana hasafiri peke yake na shemeji yake. Na kwa kuwa mama na mkwe wake hawawezi kukaa kiti kimoja, mama alipanda nyuma chini ya turubai, akakaa juu ya godoro langu na kutazama tulikotoka. Mimi nilikaa mbele. Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na tundu lisilo na kioo. Mama alikuwa na kile kipande cha ekseli iliyovunjika, na akitaka neno lipite alikuwa anagonga nacho bati.

Ngo. "Mwambie shimo."

"Shimo, shemeji."

"Nimeliona," anasema, akiwa amekwisha litumbukia.

Ngo. "Mwambie ameliona kwa makalio yetu."

Hilo sikulipeleka. Siku hiyo nilikuwa nimeanza kuchagua.

Kwenye mbuga moja maji yalikuwa yamesimama barabarani, na kulikuwa na lori limelala humo tangu juzi yake, wenyewe wanapika ugali juu ya boneti. Shemeji alisukuma ule mkono wa kuunganisha magurudumu yote, akasema bismillahi ingawa ni Mkatoliki, akaingia. Gari lilielea, likapinda, likasita, na nyuma nikasikia ekseli mbili mpya zinaunguruma mguno mmoja. Zilikuwa zimezoeana. Tukatoka upande wa pili, na wale wa lori wakatunyooshea mwiko.

Kharumwa tulifika saa saba imepita. Shemeji alikuwa na saa mkononi, nilikuwa naitazama kila anapobadilisha gia. Kutoka hapo hadi shuleni, njia ikiwa nzuri, unafika kabla ya saa nane, lakini huna muda wa kupoteza. Shangazi alikuwa amesimama nje ya hoteli yake, kando ya barabara kabisa. Sijui nani alimwambia. Kharumwa habari zinafika kabla ya gari. Alikuwa na birika mkononi, na juu ya nguo yake amevaa aproni safi. Nyingine, iliyokunjwa, ilikuwa begani.

Ngo. "Mwambie asimame tumsalimie wifi yangu," mama alisema kupitia tundu. "Kupita mlango wa mtu bila salamu ni matusi."

Shemeji alisikia. Najua alisikia kwa sababu mguu wake uliondoka kwenye mafuta. Gari likapunguza mwendo. Lakini hakugusa breki. Alitazama mbele, mikono miwili kwenye usukani, akasubiri aletewe neno.

Shangazi hana chai ya dakika chache. Chai ya shangazi inaanza na habari za waliokufa, inafuata ya wagonjwa, halafu inakuja ya watoto wanaosoma sana mpaka wanaharibika. Aliinua birika. Wachimbaji wawili waliokuwa benchini walinitazama, mmoja anatafuna andazi.

"Mama amesema twende," nikasema.

Sikunong'ona. Nililisema kama nilivyosema zungusha, na kama nilivyosema polepole, hiki si kinu.

Mguu ukarudi kwenye mafuta. Nilimpungia shangazi mikono yote miwili kupitia dirishani, na nilipogeuka nikamwona mama naye, kwa vile alikuwa ametazama nyuma, hana jinsi, anampungia. Shangazi alitufuata kidogo na birika lake, kisha vumbi likamfunika.

Nikasubiri bati ligongwe. Mama angeweza kugonga tena. Chuma alikuwa nacho mkononi, na gari lilikuwa bado halijaimaliza Kharumwa. Hakugonga. Hakugonga hadi shuleni.

Getini alikuwepo mwalimu wa zamu, na alikuwa ni yule wa Kiswahili. Alitazama saa yake, akatutazama sisi, kisha lile gari lililofunikwa na matope hadi kwenye turubai. Mama alishuka kwa nyuma, akajipangusa, akasimama akilipa gari mgongo.

"Mmefika wa mwisho," mwalimu akasema.

"Mwambie mwalimu gari lilikuwa linaumwa," mama akaniambia.

"Mama anasema gari lilikuwa linaumwa."

Mwalimu akatutazama kwa zamu. "Mama, mimi nakusikia."

"Mwambie nashukuru kwa kunisikia," mama akasema. Alikuwa amechoka.

"Anashukuru kwa kumsikia, mwalimu. Anaomba nipokelewe, na gari lilale hapa nje mpaka kesho kwa sababu ya saa nane."

Maneno ya mwisho mama hakuyasema. Mwalimu aliiacha kalamu juu ya jina langu.

"Sauti hiyo umeitoa wapi?" aliniuliza.

Sikuwa nimetumwa jibu la swali hilo. Akaandika, akafungua geti.

Shemeji alilishusha sanduku akaliweka chini, akarudi upande wake wa boneti na kuinamisha kichwa. Mama alinisaidia kuliweka kichwani. Alinisogezea kata chini ya sanduku, akaniweka sawa shingo.

"Mwambie shemeji yako," alisema, si kwa sauti ndogo, "siku nyingine nikisema simama, anasimama."

Shemeji alikuwa upande wa pili wa gari, anafuta taa iliyokwisha futwa.

"Shemeji," nikasema, "mama anasema umeendesha vizuri."

"Mwambie mayu, wabeja sana."

Mama akachukua kile kipande cha ekseli kwenye pindo la kanga, akakipima uzito mkononi, akakirudisha.

"Na baba yako," alisema, "nitamwambia gari ndilo lililokataa kusimama."

Hilo hakunituma kwa mtu yeyote.